Mwenye Nyumba Yumo, kwa Mujibu wa Wizara

Mkitaka kujua Subirini iko wapi, msihangaike na ramani, mtachoka bure. Ni nchi inayopakana na nchi zote. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na nne, na katikati ya mji mkuu ina nyumba moja ya ghorofa mbili yenye mlango wa mninga. Mlango huo haujafunguliwa tangu babu yake babu yangu hajazaliwa.

Ndani ya nyumba hiyo anaishi Mwenye Nyumba. Nasema anaishi kwa sababu nilikula kiapo kusema hivyo. Nilikuwa karani wa Wizara ya Mlango kwa miaka kumi na tisa, idara ya mihuri, na karani wa Wizara ya Mlango hasemi "inasemekana anaishi." Mwenzangu mmoja aliteleza akasema "inasemekana" kwenye chai ya saa nne. Kufikia saa sita meza yake ilikuwa na mtu mwingine, na kikombe chake pia.

Hakuna aliyewahi kumwona Mwenye Nyumba, na hilo halikumtia mtu shaka. Kinyume chake, lilikuwa la kwanza katika orodha ya sifa zake: Haonekani. La pili lilikuwa: Yumo. Watoto wa darasa la kwanza waliziimba sifa hizo kwa mpangilio huo huo, na aliyeuliza la pili limejulikanaje alipewa kazi ya kufagia uwanja.

Kila raia alifika mlangoni mara moja kwa mwaka, akapiga hodi tatu kama alivyofundwa na mama yake, kisha asipoitikiwa akaondoka zake kwa adabu. Hodi ni tatu, kila mtu anajua. Anayepiga ya nne ni mwizi au mwehu. Mimi nilisimama kando na Daftari la Kimya nikaandika: "Hodi tatu. Kimya. Kimya cha kuridhisha." Nimejaza madaftari arobaini na moja ya kimya cha kuridhisha.

Siku moja tu, zamani sana, vitabu vinasema sauti ilisikika: "Karibu." Neno hilo moja, basi, nalo likatuletea vita. Wakaribishwa walisema ametuambia tuingie, ila kuingia huko ni kwa moyo, si kwa miguu. Wakaribiaji walisema ana maana yuko karibu kutoka, kwa hiyo tukae tumsubiri. Walipigana miaka kumi na miwili kwa marungu na vigoda. Amani ilipatikana walipogundua kwamba wanakubaliana jambo moja: mlango usifunguliwe.

*

Sasa huyu Mbeyu. Alikuwa fundi bomba wa mtaa wa Bondeni, mama wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Alifika kwenye dirisha langu Jumatatu asubuhi, spana kubwa imechomekwa kiunoni juu ya kanga.

"Kaka, shikamoo sikupi, tumelingana," akasema. "Bondeni hakuna maji, huu mwezi wa tatu."

"Pole sana, dada. Jaza Fomu ya Subira."

"Nimejaza tatu. Watu wanachota mferejini, na kipindupindu kimeingia. Tumezika watoto wanane. Wangu, Nyamvula, ana miaka sita, amelazwa tangu juzi. Na zahanati yenyewe haina maji ya kumchanganyia chumvi na sukari."

Nikamwuliza kasoro iko wapi, kwa kuwa fomu ina mstari wa kuuliza hivyo.

"Koki kuu imejifunga kwa kutu. Bomba letu linapita chini ya hiyo nyumba yenu, na koki yake iko uani, humo ndani. Nimechimba nikapima. Kabla ya nyumba maji yamejaa, baada ya nyumba hakuna hata tone. Nipe robo saa na spana hii, nimemaliza."

"Uingie wapi?"

"Ndani. Kwa mlango, kaka, niingie kwa dirisha kwani mimi paka?"

Muhuri ukanidondoka. Nikamfungulia sheria, Kifungu cha Tisa: hakuna atakayeingia mpaka kwanza athibitishe mbele ya Kamati ya Hoja kwamba Mwenye Nyumba hayumo. Akasoma kwa kidole, akarudia.

"Nitathibitishaje hayumo bila kuingia?"

"Ndipo penye hekima yake, dada. Kifungu hiki kilitungwa na wasomi."

Akakifunga kitabu cha sheria, akanitazama. Sikuwahi kutazamwa vile, na sitaki tena. "Mtoto wangu anaharisha maji meupe kama ya mchele," akasema taratibu. "Niambie hiyo kamati inakaa lini."

Jibu la kawaida lilikuwa "mwakani." Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Kesho."

*

Waziri wa Mlango, Mheshimiwa Masudi Kibarazani, alifungua kikao kwa hotuba ya saa moja na nusu juu ya umuhimu wa kuokoa muda. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa na kumbukumbu za kikao mbele yangu, ambazo zilikwisha kupigwa chapa tangu jana, na mwisho wa kila ukurasa palikuwa na maneno "Hoja imeshinda." Kazi yangu ilikuwa kujaza majina.

Wa kwanza kusimama alikuwa Profesa Ngwali, mwenye shahada nne, zote za mlango.

"Binti," akasema, "nyumba ile ina vigae?"

"Ina vigae, baba."

"Ina madirisha, ngazi, nguzo? Je, vigae vilijipanda vyenyewe? Udongo uliamka asubuhi ukasema, leo nataka kuwa ukuta?" Ukumbi ukacheka. "Basi! Penye nyumba pana mwenye nyumba. Yumo!"

Makofi yalipokwisha Mbeyu akasema, "Baba, hata mimi naamini ilijengwa. Nyumba ya babu yangu nayo ilijengwa, na aliyeijenga tumemzika. Nyumba inaniambia kulikuwa na fundi. Hainiambii kwamba fundi yuko ndani amekaa. Tena, samahani, nimeona mchoro wa mabomba. Choo kimewekwa juu ya kisima. Kama ni fundi mmoja mwenye akili zote, hiyo hesabu aliipigaje?"

"Ni fumbo," akasema Profesa.

"Ni uvujaji," akasema Mbeyu.

Nikajaza: Hoja imeshinda.

Akafuata Mkurugenzi wa Sensa na makaratasi yake. Wananchi milioni nne waliulizwa, wote wanaamini. "Wewe na spana yako," akamwambia, "unajua kuliko watu milioni nne?" Mbeyu akaomba kuiona fomu. Nilimpa mwenyewe. Ilikuwa na swali moja, "Je, unaamini kwamba Yumo?" na visanduku viwili vya kuweka alama: "Ndiyo" na "Ndiyo sana."

"Kati ya hawa milioni nne," akauliza, "wangapi wameingia wakaangalia?"

Mkurugenzi alipekua makaratasi. "Swali hilo halikuwamo kwenye bajeti."

Ikaja zamu ya mashahidi. Bwana Jongo alisimulia kwamba kuku wake alipotea, akaenda akapiga hodi, na aliporudi nyumbani akamkuta kuku jikoni. Alilia akisimulia, na wengine wakalia naye. Wizara ilikuwa na mafaili mia tatu ya namna hii, na kila faili lina Fomu ya Kuku Aliyerudi, nakala tatu, moja ya waridi.

"Nimefurahi kwa kuku wako, baba," akasema Mbeyu. "Na ambao kuku wao hawakurudi, wao wanajaza fomu gani?"

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasimama nikasema ukweli: fomu hiyo haipo. Kuku asiyerudi hana idara.

Hapo ndipo alipoingia mhudumu wa zahanati, mbio, viatu mkononi. Mbeyu akasimama kabla hajaitwa. Mhudumu akamwambia, "Si wako. Ni wa jirani yako, yule mdogo. Wako bado yupo, lakini dripu ya mwisho ndiyo hiyo imetundikwa. Bila maji hafiki kesho."

Watoto tisa. Mheshimiwa Kibarazani akavua miwani, akaifuta, akasema kwa sauti ya upole sana, "Mwenye Nyumba ana makusudi yake. Sisi ni nani hata tuyajue?"

"Ala!" Mbeyu akapiga meza. "Kuku akirudi, mnajua makusudi yake mpaka na nakala ya waridi! Mtoto akifa, ghafla ninyi ni nani hata mjue? Mnanikera! Wallahi mnanikera!"

Mnielewe, mimi niliapa kwa Wizara. Lakini nilijifunika uso kwa kumbukumbu za kikao, nikajifanya nakohoa.

Waziri hakukasirika. Alikuwa na hoja mbili za mfukoni, alizokuwa akizitunza kwa siku kuu. "Dada yangu," akasema, "chukua hesabu ya kawaida ya sokoni. Ukiamini Yumo, kumbe hayumo, umepoteza nini? Hakuna. Ukisema hayumo, kumbe yumo, umekwisha! Mwenye busara achague lipi?"

"Nimepoteza nini?" Mbeyu akahesabu kwa vidole. "Maji, miezi mitatu. Watoto tisa, kwa hesabu ya leo. Na kama yumo, na ni mtu mzima mwenye akili, huyu anayesema 'naamini' ili asipate hasara, huyo hamwoni kuwa mnafiki? Mimi mwenyewe mgeni kama huyo simpi hata maji ya kunywa. Hata kama ningekuwa nayo."

"Basi bila Mwenye Nyumba, watu watazuiwa na nini wasiibe?" akanguruma Waziri. "Nchi itakuwa ya majambazi!"

"Mheshimiwa, wewe unamwamini?"

"Kwa moyo wote!"

"Na mabati ya shule ya Bondeni yalifikaje juu ya banda la ng'ombe wako?"

Ukumbi mzima ukashikwa na kikohozi. Nikajaza: Hoja imeshinda.

"Unaweza kuthibitisha kwamba hayumo?" akapaza sauti Profesa Ngwali, kuokoa jahazi. "Huwezi! Kwa hiyo yumo!"

"Naweza, baba. Tufungue mlango."

"Kufungua mlango ni shaka, na mwenye shaka haruhusiwi kufungua mlango."

Mbeyu akakaa. Akafunika uso kwa viganja, na nilidhani amekwisha. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuizoea, "Basi niacheni nikapige hodi. Kama raia yeyote."

Waziri aliona furaha kama ya mtu aliyetoka kuoga. Mpinzani anakuja mwenyewe mlangoni! Atapiga hodi tatu, kitajibu kimya, ataondoka kwa adabu, na mambo yamekwisha. Akaamuru bendi iitwe.

*

Ilikuwa saa tisa alasiri. Wakaribishwa walisimama kulia wakiwa na vigoda vyao, Wakaribiaji kushoto na vyao, maana tangu vita hakuna aliyetoka nyumbani bila kigoda. Mimi nilikuwa pembeni, kwenye kona ya ukuta, Daftari la Kimya limefunguliwa, nimekwisha kuandika "cha kuridhisha" kabisa ili kuokoa muda.

"Hodi!" akaita Mbeyu.

Kimya.

"Hodi jamani!"

Kimya. Waziri akaanza kutabasamu.

Mbeyu akashika mlango kwa mikono yote miwili, akaweka paji la uso kwenye ubao. "Hodi wenyewe!" akapiga kelele. "Mtoto wangu anakufa!"

"Karibu!"

Sauti ilisikika wazi, nzito kidogo, ya mtu mzima. Watu elfu mbili walianguka chini kwa pamoja. Waziri alilala kifudifudi na suti yake ya Ulaya. Mwenye tarumbeta alilia kama mtoto.

Mimi sikuanguka. Kwenye kona niliposimama niliona pande zote mbili za ukuta. Upande wa pili, kwenye kibanda chake, alikuwapo Bi Kweme muuza uji, kata mkononi, akimpangusia mteja benchi. "Karibu, karibu mwanangu," alikuwa akiendelea, lakini maneno hayo mengine yalizama kwenye kilio cha umma. Nikafungua mdomo niseme. Nikakumbuka kikombe cha mwenzangu. Nikaufunga.

"Amesema tuingie!" wakapiga kelele Wakaribishwa.

"Amesema anakaribia kutoka!" wakajibu Wakaribiaji.

Kigoda cha kwanza kikaruka. Cha pili kilimpata Mkurugenzi wa Sensa. Katika vumbi lile hakuna aliyemtazama Mbeyu, ila mimi. Alipangusa machozi kwa pindo la kanga, akasema, "Ahsante," kama mtu yeyote aliyefunzwa adabu anapokaribishwa, akausukuma mlango.

Ukafunguka. Haukuwa na kufuli, haukuwa na komeo, haukuwa na chochote. Karne zote hizo ulikuwa umeegeshwa tu.

Nikamfuata. Nilijiambia nafuata kazi. Ndani palikuwa na mavumbi ya kufika kifundoni, na harufu ya popo. Hakuna kiti. Hakuna hata kipande cha mkeka. Nilikwenda chumba hadi chumba, ghorofani na chini, nikinong'ona hodi, na sitawaficha, nilikuwa nalia. Miaka kumi na tisa! Nilitamani hata nikute ndala moja kuukuu, niseme basi, alikuwapo akahama.

Mbeyu hakutazama chumba hata kimoja. Alikwenda moja kwa moja uani. Nilimkuta amening'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, akiitukana koki matusi ambayo siwezi kuyaandika. Nami nikashika. Tukavuta. Kutu ikalia, ikakwaruza, ikaachia, na chini ya miguu yetu maji yakaanza kunguruma kuelekea Bondeni.

"Umeona nani humu?" akaniuliza, akihema.

"Sijaona mtu."

"Kaandike hivyo." Akatoka mbio kuelekea zahanati.

*

Jioni hiyo redio ilikatiza taarab kutoa habari kubwa: Mwenye Nyumba amefungua maji. Ushahidi haukuwa na tundu. Hodi ilipigwa, Karibu ikasikika, maji yakatoka. Nyamvula alikunywa, akapona, na kufikia Jumatano alikuwa ni Mtoto wa Muujiza, picha yake imebandikwa kwenye milango ya maduka. Wale tisa hawakutajwa, kwani fomu yao, kama nilivyoeleza, haipo.

Waziri aliniita. "Wewe uliingia. Ulimwona?"

"Hayumo, Mheshimiwa. Nimeangalia mpaka chooni."

Alifikiri kidogo tu. "Amejificha kwa unyenyekevu. Andika: Karani ameshuhudia unyenyekevu wake kwa macho yake mwenyewe."

Nikaandika. Ndiyo, niliandika, nikagonga na muhuri. Nitukaneni, nimestahili.

Kuhusu Mbeyu, Profesa Ngwali alitoa ufafanuzi kwamba yeye alikuwa spana tu mkononi mwa Mwenye Nyumba, na spana haishukuriwi. Lakini baada ya siku mbili Profesa huyo huyo akaingiwa na wasiwasi wa kitaaluma. Maji yaliyofunguliwa kwa mkono wa mtu, akasema, yanaweza kuwachanganya wananchi wanyonge. Ingefaa koki ifungwe tena, kwa heshima zote, ili Mwenye Nyumba aifungue mwenyewe rasmi, mbele ya wageni waalikwa. Kamati ikapitisha kwa sauti moja: koki ifungwe Ijumaa, saa kumi kamili. Tarehe ya kufunguliwa itatangazwa na Mwenyewe.

Mimi nikapewa amri hiyo niipeleke Bondeni.

Nilifika Ijumaa mchana, nikakuta mtaa mtupu. Wote walikuwa wamekwenda mlangoni kushukuru, wamevaa nguo safi walizozifua kwa maji yale. Tangazo la kufunga koki walilisikia huko huko, na niliambiwa walishangilia kuliko wote. Mtu mmoja tu alibaki, kwenye bomba la mtaa. Mbeyu alikuwa amepanga ndoo, madumu, masufuria, mabeseni, na debe la kupimia mahindi, na anajaza kimoja kimoja. Nyamvula alikaa kizingitini, amekonda macho tu, anatafuna muhogo wa kuchemsha.

Nikamsomea amri yote, pamoja na salamu za Waziri. Alisikiliza bila kufunga bomba.

"Majirani zako wote wako kule wanaushukuru mlango," nikamwambia.

"Najua. Wawili wameazima kanga zangu."

"Dada Mbeyu, huna hasira?"

"Hasira ninayo ya kugawia mtaa mzima." Akasukuma dumu lililojaa kwa goti, akavuta jingine. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane u nusu."

"Basi tuna saa moja na nusu. Weka hiyo karatasi chini, kaka, ushike ndoo."